Kwa mdogo wangu, uliyeniita PC

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi acha nikuandikie hapa, wasome na wasiohusika.

Sina ugomvi na kompyuta yako ya Mac. Ugomvi wangu ni ile jioni, na unaijua. Ulikuwa unatuonyesha yale matangazo ya Apple, moja baada ya jingine, yale ya watu wawili, mmoja akijiita Mac, kompyuta ya Apple, mwingine akijiita PC, kompyuta ya Windows, na nilicheka kama wengine mpaka alipotokea John Hodgman, ambaye ndiye PC, na suti yake na miwani, anapiga chafya kwa virusi, ukaninyooshea kidole mbele ya wakwe zangu: "Si kaka huyu!" Tangu siku hiyo wanao wananiita Baba Mkubwa PC.

Lakini uliyatazama vizuri? Anayekuchekesha mle ni nani? Justin Long, ambaye ndiye Mac, kasimama tu anatabasamu. Kazi yote anaibeba PC. Ndiye anayeganda katikati ya maneno. Ndiye anayekuja kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu mtu kajikwaa kwenye waya wake. Ndiye aliyevaa gauni la hospitali, anakwenda kupasuliwa ili atiwe Vista, ile Windows mpya ya wakati huo, na hofu imemjaa. Mwenye hofu tunamhurumia. Asiyepungukiwa na kitu tumpendee nini? Hata Uingereza, walipotengeneza ya kwao mwaka 2007, raha yote alikuwa nayo David Mitchell, aliyekuwa PC.

Kuna lile la mshauri nasaha pia. Mac anamsifu mwenzake bila shida, PC akijaribu kusifu anaishia kuchoma. Mke wangu anasema hapo ndipo ninapofanana naye. Tuliache hilo.

Najua utakalosema: yalirushwa kuanzia 2006 hadi 2009, yakafika 66, na mwaka 2007 yakapata Grand Effie, tuzo ya matangazo ambayo haitolewi kwa kuchekesha, hutolewa kwa tangazo lililofanya kazi yake. Sikatai. Watu walimpenda PC, kisha wakaenda kununua Mac. Mwenye tangazo hakukosea mhusika hata kidogo. Kumpenda mtu na kumchagua ni mambo mawili. Ndivyo mlivyonipenda mimi. Hesabu za nyumbani zikipinda, aitwe kaka. Pakiwa na sherehe, kaka atawapoozesha watu.

Nikushauri kama mkubwa wako: usimcheke mtu mbele za watu ukadhani unapanda. Mimi sikukucheka biashara yako ilipoanguka. Nililipa, nikanyamaza. Mpaka leo nilikuwa sijamwambia mtu.

Halafu tazama mambo yalivyogeuka. Novemba 2020, Apple walipozindua Mac zenye M1, chipu yao wenyewe badala ya ile ya Intel, mwishoni walimrudisha nani? Hodgman, peke yake. Mwaka uliofuata Long alikuwa kwenye matangazo ya Intel, anazisifia PC! Niliposikia nilitaka kukupigia tucheke wote, kama zamani. Maana nani mwingine angeelewa kwa nini nacheka?

Jambo jingine. Binti yako ameniuliza anunue kompyuta gani ya chuo. Hakukuuliza wewe, kaniuliza mimi. Nimemwambia anunue kama ya baba yake, na kiasi kinachopungua nitaongeza. Usimwambie nimekuandikia.

Kaka yako