Kabla hujanunua hedseti nyingine

Mama mmoja mfanyakazi wa ofisi alifika dukani kwetu jioni moja akiwa na hedseti isiyo na waya ndani ya bahasha ya kaki. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hii imekufa, na kesho saa tatu nina kikao cha mtandaoni. Nipatie nyingine."

Niliipokea, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Taa ya buluu ikapepesa mara chache, kisha ikatulia. Nikamwomba atoe simu yake kwenye mkoba. Tulipofungua upande wa Bluetooth, jina la ile hedseti lilikuwa pale pale, limeandikwa kuwa limeunganishwa. Akaivaa, tukaweka wimbo, akatabasamu. Hedseti ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwenye kompyuta yake ya mezani, kule nyumbani Nkuhungu.

Kisa cha namna hii tunakiona mara nyingi, na inatuuma mtu anapotaka kutoa hela kwa kitu asichokihitaji.

Kompyuta nyingi za mezani tunazoletewa hapa Dodoma ni za mtumba, zilitumika maofisini nje ya nchi kabla ya kufika huku. Ni mashine imara sana, lakini nyingi hazina Bluetooth ndani. Ukitaka kujua yako, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows, fungua Device Manager, utafute neno Bluetooth kwenye orodha. Likikosekana, mara nyingi ni kwamba kifaa chenyewe hakimo, na hapo hata ukishikilia kitufe cha hedseti hadi kidole kiume hakuna kitakachotokea. Dawa yake ni kidude kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye USB, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na hedseti mpya. Kama mashine ina Bluetooth yake na unataka kutumia kidude, zima kwanza ile ya ndani, maana Windows haiendeshi mbili kwa pamoja.

Mahali pa kukichomeka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hayapiti kwenye bati. Kidude kikichomekwa nyuma ya CPU, yaani lile boksi la kompyuta, iliyosukumwa chini ya meza, sauti itakatika kila ukigeuza kichwa. Tundu la USB 3.0, mara nyingi lile lenye rangi ya buluu ndani, nalo linaweza kutoa kelele kwenye masafa hayo hayo, hasa likiwa na flashi au diski ya nje inayofanya kazi. Kichomeke mbele, kwenye tundu jeusi, au tumia waya mfupi wa kurefusha ukiweke juu ya meza. Na lisafishe tundu kwanza kwa brashi laini. Vumbi letu la kiangazi linaingia kila mahali.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya dakika mbili, ila simu ndiyo inayoharibu. Hedseti ikiwashwa hukimbilia kifaa ilichokizoea. Simu ikiwa mfukoni na Bluetooth yake iko wazi, kompyuta itatafuta isione kitu. Kwa hiyo zima Bluetooth ya simu, zima hedseti, kisha shikilia kitufe chake kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kupepesa haraka, nyingi hubadilisha buluu na nyekundu. Hapo ndipo uiambie kompyuta iongeze kifaa kipya. Hedseti za zamani zikidai namba ya siri, jaribu 0000.

Halafu linakuja lile linalowachanganya wengi: muziki unasikika vizuri, lakini kikao kikianza sauti inakuwa kama ya redio iliyofunikwa na blanketi. Hedseti haijaharibika. Bluetooth ya kawaida haiwezi kubeba muziki wa pande mbili, kushoto na kulia, pamoja na maiki kwa wakati mmoja. Maiki ikifunguliwa, sauti inashuka kutoka sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde hadi 16,000, au hata 8,000, na inakuwa ya upande mmoja. Kwenye Windows 10 utaona hedseti moja imejitokeza mara mbili, moja imeandikwa Stereo na nyingine Hands-Free. Ushauri wetu ni huu: sikiliza kwa ile ya Stereo, na uongee kwa maiki ya waya au ya kamera iliyo juu ya monita. Wenzako kwenye kikao watakusikia vizuri zaidi, nawe utawasikia vizuri zaidi.

Simu kuungana na kompyuta ni rahisi: namba sita zitatokea kwenye vioo vyote viwili, hakikisha zinafanana, kubali. Picha chache zitapita bila shida. Video ya harusi usiijaribu kwa njia hiyo, chukua waya wa USB.

Yule mama alirudi asubuhi mapema na CPU kwenye bajaji. Tukachomeka kidude, tukaunganisha hedseti, tukachagua sauti na maiki, na kabla ya saa mbili na nusu alikuwa njiani kurudi. Nawe ukija, lete hedseti, simu na CPU. Monita na kibodi acha nyumbani, za kujaribia tunazo.