Gome la chokoleti la Noeli halihitaji frigo

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita, msomaji mmoja alishauri kwamba chokoleti ya peremende, ile ambayo Wamarekani huiita gome kwa kuwa huvunjwa vipande visivyolingana kama gome la mti, tuwaachie wenye frigo na umeme wa uhakika. Naomba nafasi nimpinge kwa heshima, kwa sababu mwaka jana niliitengeneza hapa Bukavu juu ya mbabula, jiko letu la makaa, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, na kilichoniharibia kazi mara ya kwanza hakikuwa joto bali maji.

Nilikuwa nimeweka bakuli la chokoleti iliyokatwakatwa juu ya sufuria ya maji ya moto, kisha kwa mazoea nikalifunika kama tunavyofunika maharage. Mvuke uligeuka matone chini ya kifuniko, mawili matatu yakadondoka, na chokoleti iliyokuwa iking'aa ikawa ghafla madonge yasiyokorogeka. Sukari iliyomo hunasa maji hayo machache na kushikamana. Sikuitupa, niliongeza maziwa ya moto mengi hadi ikalainika, watoto wakainywa. Kwa sababu hiyohiyo, majani mabichi ya nanaa tunayochuma uani kwa ajili ya chai hayafai humu, hata kama yananukia vizuri. Harufu itoke katika matone machache ya mafuta ya peremende, au katika pipi za peremende zinazonyunyizwa juu, basi.

Mara ya pili niliyeyusha theluthi mbili za chokoleti bila kuacha maji yachemke, nikaepua bakuli, nikalifuta chini, ndipo nikatia theluthi iliyobaki na kukoroga polepole mpaka vipande vyote vikayeyuka. Chokoleti nyeusi iliyo tayari kumiminwa huwa na nyuzi 31 au 32. Asiye na kipimajoto aweke tone chini ya mdomo wake: akilisikia la baridi kidogo, amefika. Anayeharakisha hatua hii atapata chokoleti yenye madoa ya kijivu, laini mkononi, isiyovunjika kwa mlio.

Niliimimina juu ya karatasi ya kuokea na kuiweka karibu na dirisha jioni. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi, na ubaridi wa jioni ya mvua ulitosha kabisa kuigandisha. Kabla haijakauka sana nilimimina juu yake chokoleti nyeupe, iliyotayarishwa vivyo hivyo ila ikapoezwa kidogo zaidi, kwa maana tabaka la chini likishakuwa gumu mno, yale mawili huachana wakati wa kuvunja. Pipi nyekundu na nyeupe nilizitwanga ndani ya kitambaa dakika ileile ya kuzinyunyiza, kwani hewa ya Desemba huzifanya zinate upesi. Vipande vilikaa katika kopo la maziwa ya unga lililofungwa vizuri, na siku ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, bado vilikuwa vinalia vikivunjwa.

Jambo lililobaki ni chokoleti yenyewe. Zipo za bei nafuu ambazo badala ya siagi ya kakao zina mafuta mengine ya mimea. Hazisumbui kuyeyusha, lakini huacha utando kinywani. Tusome karatasi kabla ya kulipa. Inaniuma kuona tunatafuta chokoleti ya ng'ambo wakati kakao inalimwa hapa kwetu Kongo, huko Beni, na kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, imekuwa ikitengenezwa chokoleti kutokana na kakao ya wakulima wa hapohapo.

Naomba basi ukurasa wenu wa mapishi uchapishe vipimo hivi mapema, kabla ya wiki ya Noeli: gramu 200 za chokoleti nyeusi, gramu 200 za nyeupe, na pipi za peremende zipatazo kumi na mbili. Vinatosha bamba moja la kuokea, na watoto wa nyumba mbili.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu