Kassimu ameacha kazi

Saumu shoga yangu,

Salaam nyingi. Za Muscat, za watoto, za shemeji? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetukamata. Najua nina deni lako la picha za harusi ya Zuhura, zitakuja, lakini leo siandiki kwa ajili ya harusi. Kassimu ameacha kazi.

Usicheke. Unamjua mwenyewe: seva zote zilikuwa zake, kazipanga kwa mkono moja moja, hii kaiongezea mstari kwenye /etc/hosts, lile faili la majina na anwani za mashine, ile kaifungulia poti ya mtandao, na hakuna alichoandika mahali. Nikimpigia simu anapokea, sina ubaya naye, ila na yeye kasahau. "Iguse taratibu," ndio ushauri wake. Bosi kasema sasa seva ni zangu na nijifunze kuziendesha kwa maandishi, si kwa kumbukumbu ya mtu. Hapo tumeelewana. Lakini kuna mkutano kahudhuria akasikia habari za Terraform, ile programu ya HashiCorp ya kuunda mashine kwa maandishi, basi kila asubuhi ananiuliza Terraform imefika wapi, utadhani ni mzigo wa bandarini.

Nimemwambia isubiri. Terraform naiona ni ya kuagiza vitu ambavyo bado havipo: mashine mpya kwenye AWS, wingu la Amazon, mtandao wake, diski zake. Za kwetu zipo, zimejaa chumba cha chini zinanguruma. Nimeanza na Ansible, programu ya kupanga seva zilizopo kwa maandishi. Nilichoipendea, haidai kukaa kwenye kila seva. Inaingia kutoka mbali kwa SSH, inaikuta lugha ya Python humo, inafanya kazi yake na kutoka. Puppet, mshindani wake, kwa kawaida huweka wakala, programu yake ya kudumu, kwenye kila mashine, na mimi kwenye nyumba ya Kassimu sitaki kuongeza mpangaji mwingine nisiyemjua.

Hiyo Python sasa ndiyo kimbembe. Seva nyingi bado zinatumia CentOS 7, ile Linux iliyokatiwa masasisho tarehe 30 Juni 2024, na Python iliyokuja nayo ni 2.7. Ansible za karibuni haziongei nayo kabisa, ansible-core 2.16 ndiyo ya mwisho kuikubali. Kwa hiyo najifunza kwa toleo la zamani ili nizikomboe mashine za zamani, halafu nianze tena. Na YAML nayo, mtindo wa kuandikia mafaili ya Ansible! Nafasi moja ikizidi pembeni, faili zima linagoma.

Lakini siku niliyoendesha faili langu mara ya pili likarudisha changed=0, yaani hakuna kilichobadilishwa, mistari yote kijani, nilisimama kwenye kiti. Skripti za Kassimu ukiziendesha mara mbili, ule mstari wa /etc/hosts unauona mara mbili. Hii inauliza kwanza kama mstari upo, ukiwepo inaupita.

Narudi kwa huyo huyo Kassimu, maana ndiye anayeninyima usingizi. Faili langu linaandika ninachokijua mimi. Kama kuna kitu alikificha mwaka juzi kwenye crontab ya root, ile ratiba ya kazi za mtumiaji mkuu, Ansible haitakitaja, kwa sababu haitazami usichoiambia itazame. Mbaya zaidi ni pale ninapopeleka usanidi wangu wa Nginx, programu inayohudumia tovuti, juu ya wake. Je, kama ule mstari ninaouona hauna maana ndio unaoshikilia malipo... basi, tuache.

Ombi langu ni hili. Jumamosi usiku nitaanza na seva ya ripoti, kwa --check na --diff, yaani kwa majaribio bila kubadilisha kitu, nione itafuta nini kabla haijafuta. Nataka uwe hewani tutazame pamoja. Bosi kakubali, na manenosiri nimeyafunga kwa Vault, kufuli ya siri ya Ansible, hutayaona. Najua --check haitoshi, kazi za shell, zile amri za moja kwa moja, inaziruka tu. Ndiyo maana nataka jicho lako, wewe ulishapita njia hii.

Na niambie: nyie CentOS zenu mlizipandisha kwenda AlmaLinux, mrithi wake, au mlijenga upya kila kitu? Mimi naelekea kujenga upya, ila naogopa muda. Mlibaki na Terraform baada ya HashiCorp kubadilisha leseni mwaka 2023, au mlihamia OpenTofu, tawi lake huria? Nimjibu nini bosi? Ule mtihani wa RHCE wa Red Hat, ambao siku hizi ni Ansible tupu, huko kwenu unamwongezea mtu mshahara au cheti cha ukutani tu? Mama anauliza mnakuja lini, na kama zile tende za mwaka jana zipo. Saa tatu usiku yangu ni saa nne yako, watoto watakuwa wamelala?

Wako,
Mwanaidi