Si kivuli cha dunia kinachoumega mwezi

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa watoto katika toleo lenu lililopita umeeleza, kwa mchoro, kuwa mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia huufunika kidogo kidogo. Wengi wanaamini hivyo, walimu wakiwamo, na maelezo hayo huingia akilini vizuri mpaka mtu atazame juu kabla jua halijazama.

Wiki moja baada ya kuandama, mwezi huonekana nusu, na saa kumi na mbili jioni huwa karibu na utosi. Jua wakati huo liko magharibi. Kivuli hukaa upande ulioupa mwanga kisogo, kwa hiyo kivuli cha dunia kimeelekea mashariki. Kitaufikiaje mwezi ulio utosini?

Jua huangaza nusu ya mwezi wakati wote. Mwezi unapotuzunguka, tunaiona nusu hiyo yenye nuru kwa pembe mbalimbali: yote, sehemu yake, au hatuioni kabisa kwa kuwa imetupa kisogo. Mzunguko wenyewe huchukua siku 27.3, lakini kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, maana dunia nayo inasonga ikilizunguka jua, na mwezi huhitaji siku mbili na ushei kulifikia tena.

Watu wa pwani wana ushahidi wao. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, au siku moja mbili baadaye, kwa sababu jua, dunia na mwezi vimekaa mstari mmoja na mvuto wa jua unauongezea nguvu ule wa mwezi. Maji mafu, yaani kujaa na kupwa kidogo tu, huja mwezi ukiwa nusu, kwa kuwa jua na mwezi vinavuta kwa pembe mraba. Kama nusu ile ingekuwa kazi ya kivuli, vyote vitatu vingelazimika kuwa kwenye mstari mmoja siku hiyo, na mvuvi angekuta bamvua. Hajawahi kuikuta.

Naomba mchapishe jaribio hili badala ya mchoro ule. Chomeka chungwa kwenye kijiti cha mshikaki na ulipake chokaa. Washa balbu isiyo na kava katika chumba chenye giza, iwe usawa wa kichwa cha mtoto, umbali wa mita 2 au zaidi. Mtoto aitazame taa, anyooshe mkono, ashike chungwa juu kidogo ya kichwa, kisha ajigeuze polepole kuelekea kushoto. Ataona giza, hilali, nusu, duara kamili, halafu kurudi nyuma. Mambo mawili huharibu. Kuta nyeupe zilizo karibu hurudisha mwanga na kuangaza upande uliopaswa kuwa na giza. La pili ni mwalimu kushika chungwa mwenyewe huku darasa likitazama: aliyekaa pembeni huona umbo lingine kabisa, hivyo kila mtoto ashike lake. Umeme ukikatika, toka nje saa kumi alasiri siku ambayo nusu ya mwezi iko angani, nyoosha chungwa juani kuuelekea mwezi. Litang'aa kwa umbo lile lile la mwezi, na hakuna kivuli cha kitu chochote kilicholigusa.

Mtoto akiwa ameipa taa kisogo na akashusha chungwa usawa wa kichwa, kivuli cha kichwa chake kitaliziba. Huko ndiko kupatwa kwa mwezi, na hutokea mwezi ukiwa mpevu tu, kama ilivyokuwa usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, ulipogeuka mwekundu kuanzia saa mbili na nusu kwa muda wa dakika 82.

Mbona kupatwa hakutokei kila mwezi unapopevuka? Chora kwa vipimo vya kweli. Dunia ikiwa mpira wa sentimita 12, mwezi ni kidude cha sentimita 3.3 kilicho umbali wa mita 3.6. Kivuli cha dunia kikifika huko kina upana wa sentimita 8 hadi 9, ilhali njia ya mwezi imeinama nyuzi 5, kwa hiyo mwezi huweza kupita hata sentimita 30 juu au chini ya katikati ya kivuli. Mara nyingi unakikosa. Michoro ya vitabuni huubandika mwezi ubavuni mwa dunia ili utoshe ukurasa, na nadhani hapo ndipo kosa lote linapozaliwa.

Jambo dogo la mwisho. Hilali mliyoichora imesimama wima, jinsi inavyoonekana Ulaya. Huku karibu na ikweta mara nyingi hulala kama mtumbwi, pembe juu, kwa sababu jua limezama karibu moja kwa moja chini yake. Hata hilali ya alfajiri hulala hivyo hivyo, kwa hiyo kanuni ya kutazama pembe zimeelekea kulia au kushoto haitusaidii. Tazama saa na upande: ya magharibi baada ya machweo inakua, ya mashariki kabla ya mapambazuko inakwisha.

Msomaji wenu,
Tanga