Nani aamue data irejeshwe?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, shule na zahanati huwaachia mafundi wa kompyuta peke yao, nalo ni lini data irejeshwe kutoka kwenye nakala za akiba, yaani nakala za data zinazowekwa kando ili zitumike data yenyewe ikiharibika. Tumehimizwa sana kutunza nakala hizo, na himizo hilo ni jema; lakini ofisi nyingi, siku mfumo unapovurugika, hazina anayejua ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru nakala irudishwe, wala kwa kigezo gani.

Tuchukue mfano wa SACCOS iliyochukua nakala yake Ijumaa jioni. Jumatatu alasiri karani anagundua kuwa salio za wanachama kadhaa zimeharibika kwa sababu ya faili lenye makosa lililopakiwa asubuhi. Fundi, kwa nia njema kabisa, anarudisha nakala ya Ijumaa, na salio zile zinakaa sawa. Papo hapo amana zilizopokelewa Jumamosi na Jumatatu, marejesho ya mikopo na majina ya wanachama wapya vinafutika kwenye leja, ilhali wenyewe wanazo risiti mkononi na fedha zao zimekwisha kuingia benki. Kosa lililowagusa wachache limewafikia wote. Ilipasa nakala ifunguliwe kando, kwenye kompyuta nyingine, salio sahihi zisomwe humo, kisha marekebisho yaingizwe kwa vocha iliyotiwa saini, ili mkaguzi atakapokuja aone kilichobadilishwa na sababu yake.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza nakala iko wapi, inafaa iulizwe kilichoharibika ni kiasi gani na kilianza kuharibika lini. Uharibifu ulioanza wiki mbili zilizopita bila kuonekana umo pia ndani ya nakala ya jana. Iulizwe vilevile kama chanzo chake kimekwisha kuondolewa, kwa kuwa diski inayokaribia kufa, au mvamizi ambaye bado yumo ndani ya mtandao, ataharibu tena kile kitakacholetwa. Na hali iliyopo, hata ikiwa mbovu kiasi gani, inakiliwe kwanza na kuwekwa pembeni, maana mara nyingi kazi ya siku hiyo haipo mahali pengine popote.

Yako matukio ambayo hayaachi nafasi ya kujadili. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo hutunza kazi za waandishi wa programu, alifuta hifadhidata ya seva kuu (seva ni kompyuta inayozihudumia nyingine) akidhani yuko kwenye seva ya pili. Takriban gigabaiti 300 zilitoweka. Nakala zilizoaminiwa kuwa zinachukuliwa kila siku hazikuwapo, kwa sababu programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya juu ya hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Iliyowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya hapo, kwa ajili ya kazi nyingine. Kampuni iliirejesha hiyo, ikawatangazia wateja wake waziwazi ni kipindi gani cha kazi kilichopotea. Tangazo la namna hiyo nalithamini sana, kwani mteja anayejua saa zilizopotea anajua pia cha kurudia.

Mwaka huohuo, mwezi Juni, programu haribifu ya NotPetya iliifutia kampuni ya meli ya Maersk seva zilizosimamia mtandao wake wote. Seva hizo zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zikaangamia pamoja, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilinusurika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Panapotokea shambulio kama hilo hakuna kutengeneza kidogokidogo: mashine zitenganishwe na mtandao, zisafishwe, ndipo data irejeshwe.

Nakubali kwamba kusubiri nako kuna gharama. Zahanati ambayo mganga wake hawezi kuona dawa alizopewa mgonjwa wiki iliyopita ina haki ya kurejesha nakala ya jana mara moja na kuandika upya ya leo kutoka kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inawataka wanaotunza data za watu wawe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati. Lakini kipimo cha zahanati hakiwezi kuwa cha SACCOS, na fundi hapaswi kukibuni usiku akiwa amezungukwa na watu wanaomharakisha.

Naziomba bodi zetu zikae mapema na kuandika ni saa ngapi za kazi zinazoweza kuingizwa upya kutoka kwenye risiti, nani atatoa amri ya kurejesha, na nani atawaarifu wanachama. Kisha wamwombe fundi arejeshe nakala moja mbele yao, kwenye kompyuta ya majaribio, na mhasibu alinganishe salio zake na leja ya siku ile.

Msomaji wako,
Morogoro