Walimu wa ngoma nao waandikwe majina

Mhariri,

Bob Fosse wa Marekani alianza kama mcheza dansi, akawa mtunzi wa dansi za maigizo ya muziki ya Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, kisha akaongoza filamu. Mwaka 1973 alitwaa tuzo za Oscar (ya filamu), Tony (ya maigizo ya jukwaani) na Emmy (ya televisheni), zote mwaka huo mmoja. Tuzo za Tony zinawatambua watunzi wa dansi tangu 1947.

Hapa Mwanza, anayewafundisha vijana wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe, jembe lirushwe lini na lidakwe kwa pigo lipi la ngoma, jina lake halipo kwenye bango wala mwisho wa video. Inaniuma sana. Waandaaji, mwandikeni. Tena mlipeni kwa mkataba, si nauli na soda.

Mpenzi wa ngoma,
Kirumba, Mwanza