Tairi likilika upande mmoja, tuikague rimu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumze na wenye pikapu na magari madogo ya mizigo wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani. Kila msimu wa mavuno, tangu zabibu za Hombolo na Mpunguzi hadi mahindi yanayoshushwa sokoni Kibaigwa, nasikia lalamiko lilelile: tairi jipya limelika upande mmoja kabla ya wakati wake, na lawama zinakwenda kwa muuza matairi, kwa jua la Dodoma au kwa barabara ya vumbi. Kazi yangu ni kusimamia magari ya kubeba mazao, nayo inanilazimu kuingia chini ya gari pamoja na mafundi mara kwa mara. Ninachokiona huko chini ni kwamba katika magari mengi yaliyobadilishiwa rimu, tatizo lilianza siku rimu hizo ziliponunuliwa, na matairi yanateketea kwa sababu isiyo yao.

Wengi wetu hununua rimu kwa kuhesabu matundu: gari lina bolti sita, rimu ina matundu sita, bei inaelewana, basi biashara imekwisha. Hesabu hiyo haitoshi. Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200, katika matoleo tuliyoyazoea, zote zina bolti sita zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba rimu zake zinaazimana. Tazama sasa tundu la katikati, lile linalovaa habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa juu yake: kwa Hilux ni milimita 106.1, kwa D-Max 100.1, kwa Ranger 93.1 na kwa L200 ni 67.1. Rimu ya L200 haiingii kabisa kwenye habu ya Hilux, na mnunuzi wa namna hiyo ana nafuu kwa kuwa kosa linaonekana palepale dukani. Anayeumia ni yule wa upande wa pili, ambaye rimu yake ya tundu kubwa imefungwa kwenye habu ndogo, ikaingia bila taabu, ikakazwa, na gari likaondoka huku gurudumu likiwa limewekwa katikati na nati peke yake. Rimu ikikaa pembeni hata kidogo sana, gurudumu linazunguka kwa kurukaruka, usukani unatetemeka gari likishika kasi, na tairi linaanza kulika kwa mabaka ambayo hakuna balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, itakayoyaondoa. Zipo pete za kujazia nafasi hiyo, na muuzaji anayeuza rimu ya tundu kubwa anapaswa kuwa nazo.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni ofseti. Hiki ni kipimo cha umbali kati ya sehemu ya rimu inayobanwa kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Sehemu hiyo ikiwa imesogea kuelekea nje ya gari, ofseti ni chanya, na gurudumu linaingia ndani ya madigadi. Ikiwa imesogea kuelekea ndani, ofseti ni hasi, na gurudumu linachomoza. Rimu ya kiwandani ya Hilux ya inchi 17 ina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya milimita 30. Kijana akiitoa na kufunga rimu ya upana wa inchi 9 yenye ofseti sifuri, kama zinazopendwa sana mjini siku hizi, ukingo wa nje wa rimu utasogea milimita 30 kwa ajili ya ofseti na milimita 19 kwa ajili ya nusu ya upana ulioongezeka. Jumla ni karibu sentimita 5 kila upande. Gari linaonekana limetanuka na kukaa imara, nami sibishi kwamba linapendeza.

Mzigo wa gari lakini bado unaning'inia palepale, na sasa unabebwa mbali zaidi na beringi, kama ndoo ya maji inayobebwa kwa mkono ulionyooshwa badala ya mkono ulioshushwa. Beringi na boljointi, zile viungo vya mpira wa chuma vinavyoliwezesha gurudumu la mbele kugeuka, zinachoka mapema. Kisha kuna suala la usukani. Gurudumu la mbele hugeuka kwa kuufuata mhimili ambao, ukiushusha mpaka chini, unakutana na barabara karibu na katikati ya tairi. Gurudumu likisogezwa nje, kila jiwe na kila shimo linalivuta kwenda nyuma kwa nguvu zaidi, tairodi (vyuma vinavyoyageuza magurudumu) na bushi (mipira ya kwenye viungo) zinalegea kidogokidogo, na gari likiwa mwendoni magurudumu ya mbele yanatazama nje hata kama kwenye mashine ya alaimenti, ile ya kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, yalionekana yamenyooka. Matokeo yake ni tairi kulika ukingo wa ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni mpaka nyuzi zitokeze. Spesa zinazofungwa kati ya habu na rimu hufanya jambo lilelile: spesa ya milimita 30 inaifanya rimu yenye ofseti ya 30 ifanye kazi kama yenye ofseti sifuri.

Mtu yeyote anaweza kupima ofseti dukani bila mashine. Ilaze rimu kifudifudi, sehemu ya ndani ikitazama juu, uweke ubao ulionyooka juu ya ukingo wake, kisha upime kwa rula kutoka kwenye ubao hadi sehemu inayogusa habu. Chukua upana ulioandikwa kwenye rimu, ongeza inchi 1 kwa ajili ya kingo zake mbili, ugawe kwa mbili, halafu utoe jibu hilo kwenye kipimo ulichokipata. Kwa rimu ya inchi 7.5, upana wote ni kama inchi 8.5, yaani milimita 216, na nusu yake ni 108. Rula ikisoma 138, ofseti ni 30. Ninawasihi wenye magari wafanye hesabu hii mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha, na wasione haya.

Uzito nao umesahauliwa, ilhali mkoa huu unaishi kwa kubeba magunia. Tuchukue pikapu ambayo, ikiwa imepakia, ekseli yake ya nyuma inabeba tani 1.8: kila rimu ya nyuma ina kilo 900 gari likiwa limesimama tu, kabla ya kugonga shimo. Rimu nyingi zina uzito wa juu unaoruhusiwa ulioandikwa nyuma kwa kilo. Ukikuta 690, hiyo ni rimu ya gari la kutembelea hata iwe na matundu sita. Rimu zilizotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Japani zina herufi JWL kwa magari madogo ya abiria na JWL-T kwa malori na mabasi, na tofauti ya herufi hiyo moja kwa gari la mzigo ni kubwa. Rimu iliyozidiwa hupinda kabla ya kupasuka, na rimu iliyopinda hulila tairi. Tairi lenyewe nalo lina namba yake ya uzito ubavuni: 104 ni kilo 900, 112 ni kilo 1,120. Kwa maoni yangu, rimu ya mtumba iliyotoka kwenye Prado, ambayo tundu lake la katikati ni lilelile la Hilux na ofseti yake haiko mbali, ni ununuzi wa busara kuliko rimu mpya inayong'aa isiyo na maandishi yoyote nyuma, mradi isiwe imepinda wala kuchomelewa.

Neno moja kuhusu nati. Rimu za aloi za Toyota nyingi hufungwa kwa nati zenye shingo ndefu na washa bapa, wakati rimu nyingi za kununua madukani zina matundu ya koni. Nati bapa kwenye tundu la koni haishiki, inalegea njiani. Baada ya kufunga rimu yoyote mpya, nati zikazwe tena gari likishatembea kilomita 50 hadi 100.

Kwa aliyekwisha kupata hasara, ninamsihi alisome tairi lake kuukuu kabla ya kulitupa. Likiwa limelika kingo zote mbili na katikati pamebaki, lilikimbizwa na upepo mdogo. Likiwa limelika katikati, upepo ulizidi. Ukingo mmoja tu ukiwa umelika taratibu na laini, gurudumu limelala upande huo, na mara nyingi ni gari lililoinuliwa au lenye bushi zilizokufa. Pitisha kiganja juu ya kashata, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi: zikiwa laini upande mmoja na kali upande mwingine kama msumeno, magurudumu ya mbele hayatazami mbele sawasawa. Mabonde yanayofuatana kuzunguka tairi yanaonyesha shokapu zilizochoka, balansi mbovu au beringi yenye uwazi. Tairi la nyuma la pikapu likilika upande mmoja, usikimbilie alaimenti ya mbele. Kagua bolti ya katikati ya springi, kwa sababu ikikatika, ekseli nzima husogea na gari huanza kwenda kiubavu.

Hapa ndipo ninaposikitishwa na desturi ya baadhi ya gereji. Gari linaletwa likiwa na tairodi zinazocheza, fundi analipeleka moja kwa moja kwenye alaimenti, mteja analipa, na wiki chache baadaye kila kitu kimerudi kilipokuwa. Alaimenti ya gari lenye vifaa vilivyolegea ni fedha iliyotupwa. Upepo upimwe kwanza, halafu beringi, boljointi, tairodi, bushi na shokapu zikaguliwe na zilizochoka zibadilishwe, ndipo mashine itumike. Aliyeongeza majani ya springi nyuma ili abebe zaidi, au aliyeinua gari, arudie alaimenti baada ya kazi hiyo, kwa maana vipimo vya zamani havimhusu tena. Na mteja ana haki ya kudai karatasi inayoonyesha vipimo vya kabla na vya baada. Mashine nyingi za kisasa zinaitoa, lakini haifiki mikononi mwa mteja asiyeiulizia.

Kuhusu joto letu, ambalo hulaumiwa sana, ushauri wangu ni mfupi: upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kufuata kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho mara nyingi hutofautisha gari tupu na gari lililopakia. Dereva anayepunguza upepo saa nane mchana baada ya kutoka Mtera, akiogopa kwamba tairi litapasuka, analiacha tairi hilo likiwa na upepo pungufu likipoa, na ni upungufu huo ndio unaoliongezea joto safari ijayo. Matairi pia yabadilishane nafasi kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Ikiwa mshale wa ubavuni unaonyesha yana mwelekeo mmoja, yabadilishwe mbele na nyuma bila kuvuka upande.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wafanyabiashara wa rimu wa Dodoma, na kwa Shirika la Viwango Tanzania linalosimamia ubora wa bidhaa: kila rimu inayouzwa iandikwe kwenye risiti upana wake, ofseti yake, kipenyo cha tundu la katikati na uzito inaoruhusiwa kubeba. Rimu iliyokosa maandishi ya uzito isiuzwe kwa gari la mizigo. Mnunuzi mwenye risiti ya namna hiyo ataweza kurudi dukani na hoja, na muuzaji mwaminifu hatapoteza chochote.

La pili ni kwa Kikosi cha Usalama Barabarani. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, na katika ukaguzi wa kawaida, matairi hutazamwa kwa askari kusimama pembeni ya gari. Tairi lililolika ukingo wa ndani huonekana lina kashata nzuri kwa nje huku ndani limebaki nyuzi, na gari lake linaruhusiwa kuendelea likiwa na abiria au mzigo. Ninaomba dereva aamriwe akate usukani hadi mwisho, kushoto kisha kulia, na mkaguzi amulike tochi upande wa ndani wa tairi, akitafuta vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo vikilingana na kashata maana yake kina kilichobaki ni milimita 1.6 tu. Ukaguzi huo hauhitaji kifaa kipya wala bajeti, na unaweza kuanza kesho asubuhi pale Nala, nje kidogo ya mji wa Dodoma.

Msimamizi wa magari ya mazao,
Kizota, Dodoma.